Pembe za Alhamisi

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Mvua ilianza jana magharibi na haijapumzika. Wanaume barazani wanasema vuli hii si ya kawaida. Redio nayo ina jina lake la kigeni kwa mvua hii, na mavyaa hulitamka kama anayetaja mtu mbaya. Hapa kwetu Kuze tumeweka masufuria kila mahali dari inapovuja, maji kutwa yanadondoka ti, ti, ti.

Naandika kwa kuwa sina wa kuzungumza naye. Chekechea ninakofundisha kumeingia maji, tumefunga. Mume wangu Abdulghafur yuko bandarini, na akirudi anataka chai na kimya. Mavyaa, mamake, yuko juu ya mswala na tasbihi yake. Na wifi yangu Fairuz yuko ghorofa ya juu, hasemi.

Fairuz alikuja kwetu kujifungua, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Alizaa mwana wa kiume mwezi wa saba. Mtoto hakufika hata siku ya kupewa jina, tukamzika. Jaffar, mumewe, alikuja kutoka Maskati, akalia, akarudi kazini. Tangu hapo Fairuz amelala juu, uso ukutani. Mwanzo nilimhurumia. Sasa nimechoka naye. Mimi ndiye ninayepanda na sinia na mimi ndiye ninayeshuka nalo, wali umeguswa kwa ncha ya kidole. Wanawake wangapi wamezika watoto, na kesho yake wakaamka kufagia?

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Kuta zinatoka jasho la chumvi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wageni walikuja baada ya sala kumuulizia Fairuz. Mavyaa akawaambia ana homa. Kila Ijumaa ana homa. Wanatazamana, wanakunywa kahawa yao, wanaondoka.

Walipotoka nikapanda juu. Nikamkuta dirishani, amefungua mbao zote mbili, mvua inampiga kifuani. Alikuwa akitazama chini uchochoroni.

"Watazama nini, wifi?"

"Natazama tu vile kulivyo mbali."

Nikafunga dirisha, nikamkausha nywele, nikamvika kanga kavu. Alikubali kila kitu kama mtoto anayevishwa. Nilishuka. Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo nimemwambia Everlyne, mpangaji wetu wa chumba cha chini. Ni muuguzi katika kliniki ya kina mama, mzaliwa wa Kaloleni. Alikuwa akiishi Likoni na mumewe ambaye ni mtu wa bara. Zilipozuka zile ghasia za mwezi wa nane za kuwafukuza watu wa bara, nyumba yao ikachomwa, mumewe akakimbilia kwao na hajarudi. Everlyne akavuka kivuko na nguo alizovaa. Mavyaa alimpa chumba siku hiyohiyo, na hilo nitamshukuru nalo siku zote.

Nilimweleza habari ya dirisha. Aliacha kupiga pasi.

"Mwanaesha, huyu si mvivu, wala hana jini. Ni maradhi. Kina mama wengi hupatwa nayo wakijifungua, na aliyefiwa ndiyo zaidi. Anatakiwa kuonwa na daktari."

Tukaenda wote wawili kwa mavyaa. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu si mwendawazimu. Asubiri. Mimi nilisubiri."

Everlyne hakubishana naye. Tulipotoka akaniambia kuna nyumba Kibokoni, kwa Bi Zeyana, ambako wanawake hukutana Alhamisi baada ya alasiri kujifunza vugo, ile ngoma ya pembe ya harusini. "Mimi baada ya Likoni nilikuwa silali. Nikifumba macho nasikia moto. Yule bibi alinipa pembe akaniambia nipige, basi. Sikuulizwa kitu. Siku hiyo nililala."

Namjua Bi Zeyana kwa sifa. Ameachika mara tatu, ana ulimi, na hapana harusi ya Mji wa Kale aliyokosa kuwachokoza watu kwa nyimbo zake. Si nyumba ambayo mavyaa angependa tuingie. Nikamwambia mavyaa tutamtoa Fairuz apunge upepo. Akaitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Tulimvika buibui, tukamtia katikati, tukatembea tukiruka madimbwi hadi Kibokoni.

Sebule ya Bi Zeyana ina mikeka na harufu ya udi uliolowa. Wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyodhani: washonaji, wake za watu, wajane, na mama mmoja auzaye mahamri. Kila mmoja ana pembe yake ya nyati, nyeusi na laini kwa kushikwa, na kijiti cha kuigongea. Mapigo yakishikana husikii tena pembe, wasikia kama nyumba ina moyo. Wanajitayarisha kwa harusi za Shaabani, kabla ya mfungo.

Fairuz aliketi karibu na mlango. Bi Zeyana ni mnene, ana macho madogo yasiyotulia. Hakumwuliza hali, hakumpa pole. Alimwekea pembe mapajani, akarudi mahali pake. Fairuz hakuigusa. Mpaka tunaondoka ilikuwa pale pale mapajani pake.

Sikumpenda yule bibi. Niliona hana huruma.

Jumapili, 26 Oktoba

Barabara ya Nairobi imekatika. Unga umepotea madukani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Fairuz amepiga. Ilikuwa katikati ya wimbo. Alishika kijiti, akagonga, lakini pigo lake lilikuja nyuma ya wenzake, kama mtu achechemeaye. Wengine wakaanza kugeuka. Mama mmoja akataka kumshika mkono amwonyeshe.

"Mwacheni," Bi Zeyana akasema. "Sisi ndio tumfuate."

Wakamfuata. Mmoja mmoja wakaacha mwendo wao wakaingia katika ule wake wa kuchechemea, hata sebule nzima ikawa inachechemea naye. Fairuz hakuinua uso, lakini mkono wake ulizidi nguvu. Everlyne alikuwa akipiga na machozi yanamtoka, hakuyafuta.

Njiani kurudi Fairuz aliniambia, "Mkono wauma." Sikumbuki lini mara ya mwisho alisema kitu bila kuulizwa.

Jumatatu, 3 Novemba

Ameomba sabuni.

Jumamosi, 8 Novemba

Watu wanaharisha huko mitaa ya nje, wanasema ni kipindupindu. Tunachemsha maji yote. Maji ya bomba yanatoka na rangi ya chai. Fairuz amekula samaki nusu.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo Bi Zeyana alitaka kila mtu alete ubeti wake. "Harusini tutawaimbia maharusi," akasema, "lakini hapa ndani tuimbe yetu." Mama wa mahamri aliimba juu ya mume anayerudi nyumbani kubadilisha shati tu. Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akalia. Everlyne aliimba hivi:

Nyumba ilo yangu, leo ni majivu,
Moto si wa Mungu, ni wa wenye wivu.

Wakaupokea, wakaurudia na kuurudia. Everlyne alikuwa ameinamisha kichwa kama anayemiminiwa maji.

Fairuz alipofikiwa akasema, "Mimi bado." Bi Zeyana akamjibu, "Ukiwa tayari. Hatukimbizani." Nilianza kumwona yule bibi kwa jicho jingine. Huruma anayo, basi tu hataki ionekane.

Jumamosi, 15 Novemba

Tumeumbuliwa. Jirani amemwambia mavyaa kwamba binti yake aliyefiwa huonekana Kibokoni akipiga vugo.

Mavyaa hakupaza sauti. Alimngoja Abdulghafur arudi, akaniita sebuleni.

"Mwanaesha. Nilikuruhusu umtembeze mwanangu. Wampeleka kupiga pembe za harusi, na udongo wa mwanawe haujakauka?"

"Mama, anakula. Anaoga. Juzi amezungumza."

"Watu wanasemaje?"

Nilimtazama Abdulghafur. Alikuwa bado na viatu vyenye matope. "Watu wasema mimi kakake sina haya," akajibu badala yangu. "Jaffar amenipigia simu ofisini. Amesikia huko huko Maskati. Basi, Mwanaesha. Hatoki tena."

"Na maradhi yake?"

"Yatapita."

Mavyaa akapanda juu na kufuli. Nilisikia likibanwa. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga yake.

Sikufanya kitu. Nilikwenda jikoni nikakuna nazi.

Jumapili, 16 Novemba

Amekuwa akigonga sakafu. Lile pigo lake la kuchechemea, kwa kifundo cha kidole nafikiri. Linateremka mpaka jikoni. Mavyaa anaongeza sauti ya dhikri.

Jumanne, 18 Novemba

Amegonga asubuhi na jioni. Mvua.

Ijumaa, 21 Novemba

Asubuhi tu.

Jumatatu, 24 Novemba

Nyumba moja nyuma ya msikiti imeangusha ukuta mzima uchochoroni. Mawe yamelowa kama mkate. Hakuna aliyeumia. Nimesimama chini ya chumba cha Fairuz nikasikiliza. Hajagonga.

Alhamisi, 27 Novemba

Hajagonga. Everlyne amemwomba tena mavyaa wampeleke hospitali. Mavyaa amemwambia, kwa upole, kwamba mpangaji ni mgeni na mgeni hana neno katika nyumba.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua imezidi. Nampelekea chakula, mavyaa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Fairuz hatazami chakula, hatutazami sisi.

Jumatano, 3 Desemba

Alhamdulillahi. Sijui niandike vipi.

Leo asubuhi Fairuz alibisha mlango, akaomba kushuka. Ameoga, amevaa gauni la kijani, uso umetulia kama wa bibi harusi. Alimbusu mamake mkono na kichwa, akamwomba radhi kwa taabu aliyompa. Mavyaa alilia. Sijawahi kumwona akilia. "Amepona," akaniambia jikoni, amenishika mkono. "Nilikwambia, subira." Kufuli ameliacha wazi.

Kutwa Fairuz alikuwa mwepesi. Alimpa mavyaa msahafu wake wenye jalada la dhahabu. Mimi amenipa kanga zake mpya, jozi tatu hazijapindwa, na chupa ya mafuta mazuri aliyoletewa na Jaffar. Nikamwambia ni nyingi mno. Akasema, "Wewe ndiye uliyepanda ngazi, wifi." Aliniomba nimsuke. Nilipokuwa nikimchana akaimba taratibu, ule ubeti aliosema bado. Umekuwa tayari:

Mgeni wa jana, kaja na kutoka,
Hakuketi sana, njia kaishika;
Nami nimechana, nywele nimesuka,
Aniita mwana, nami naitika.

Mzuri mno, mpole. Nilimwambia kesho nitaupeleka kwa Bi Zeyana wauimbe. Akatabasamu kwenye kioo. "Upeleke," akasema.

Ijumaa, 5 Desemba

Ya jana nayaandika leo. Jana mkono haukuweza.

Baada ya alasiri nilikwenda Kibokoni, nikamkuta Everlyne ametoka kliniki. Fairuz alisema atabaki amsaidie mamake kuchambua mchele. Mvua ilikuwa ya kumzuia mtu kutoka, lakini sebule ilijaa. Nilikuwa na furaha ya mjinga. Nikasema wifi yangu amepona na ametuma ubeti, nikaimba.

Nilipomaliza hakuna aliyepokea. Bi Zeyana alikuwa ameweka pembe chini.

"Rudia wa mwisho."

Nikarudia. Aniita mwana, nami naitika.

"Huyo mwana aliye kaburini amwita wapi?" akauliza. "Na nywele ulimsuka wewe? Jana? Huyu hasifu mtoto, Mwanaesha. Anaaga."

Everlyne akanigeukia, uso umemwisha rangi. "Amegawa vitu? Niambie. Amempa mtu kitu chochote?"

Kanga, nikasema. Mafuta. Msahafu. Kila nilichotaja kilikuwa kama jiwe ninalomeza.

Walikuwa wameshasimama. Nilikuwa nakimbilia mlangoni Bi Zeyana aliponishika bega. "Chukueni pembe," akawaambia wote. "Mkimwita kwa jina hataitika, ameshaitika kwingine. Mpigieni lile lake."

Tulitoka vile vile, mabuibui juujuu. Everlyne nami tulikwenda Kuze, nyumbani. Mavyaa alikuwa peke yake na ungo wa mchele. "Amekwenda kwa shangazi yake," akasema. "Amenibusu akatoka." Kisha akatuona tulivyo. Mchele ukamwagika. Hakuuliza, alitufuata kichwa wazi, mwanamke ambaye sijamwona akifika barazani bila ya buibui.

Sasa Mji wa Kale wote ulikuwa unasikia. Pembe zilitoka vichochoro vya Kibokoni, nyingine upande wa msikiti, nyingine juu kuelekea ngome, na zote zikichechemea, zikianguka nyuma ya mwendo wake. Watu walifungua madirisha. Wengine walidhani ni harusi na wakacheka, harusi gani mvua hii. Muuza kahawa aliyejikinga chini ya roshani alituambia amemwona mwanamke akiteremka kule kwa soko la samaki, hakuitikia salamu yake.

Soko lilikuwa tupu, limefungwa kwa sababu ya kipindupindu. Nyuma yake kuna ngazi za mawe ziingiazo baharini. Maji yalikuwa ya udongo, yamejaa matawi na uchafu wa mitaro, na yanapanda.

Alikuwa ameketi ngazi za chini kabisa. Maji yamemfika magotini, nayo kila yakirudi yanamvuta gauni.

Nilitaka kupiga kelele. Everlyne akanibana mkono. Alianza kupiga pembe yake polepole, tukishuka ngazi moja baada ya nyingine, na huko juu nyuma yetu wenzetu wakawa wanafika na kupokea. Fairuz hakugeuka, lakini alihisi kwamba tupo. Nilijua kwa shingo yake. Nikaketi kando yake ndani ya yale maji, baridi ikanikata pumzi, nikatia mkono wangu kwenye kwapa lake nikaufunga.

Kisha akasema, "Nilidhani kuna harusi."

"Hapana harusi."

"Nikasikia mwakosea. Nikasema, hao wanakosea kama mimi." Meno yalikuwa yakimgonga. "Nikangoja nisikie kama mtarekebisha."

"Haturekebishi," nikamwambia. "Ndivyo linavyopigwa."

Ndipo alipolia, na si kilio cha kike cha kanga mdomoni. Kilitoka tumboni, kikagonga ukuta wa soko na kurudi. Mavyaa alikuwa amefika. Alishuka akateleza, akashuka kwa makalio ngazi zilizobaki, akamshika mwanawe kichwa akakikandamiza kifuani, akasema neno moja tu, akilirudia. "Niwie radhi."

Tulimbeba mpaka nyumbani katikati ya wale wanawake wote. Hapana aliyepiga pembe tena.

Abdulghafur alirudi kutoka kazini akakuta ukumbi umejaa viatu vya kike na maji sakafuni. Everlyne ndiye aliyemweleza. Alimsikiliza amesimama. Kisha akachukua bisibisi akapanda juu, nikasikia akifungua skrubu. Alishuka na kufuli na pete zake zote mbili, akatoka nazo nje. Aliporudi alikaa kwenye ngazi, chini ya chumba cha dada yake, akawa hapo mpaka adhana ya alfajiri.

Leo tumempeleka hospitali. Mavyaa ndiye aliyemvika buibui kwa mkono wake. Mapokezi mtu alituuliza, "Mgonjwa ni nani, ana nini?" Mavyaa akajibu mbele za watu, sauti haikutetemeka: "Ni mwanangu. Ana huzuni imemzidi, na jana alitaka kufa."

Daktari ni kijana, anasikiliza kuliko anavyosema. Amempa dawa na kumtaka arudi kila wiki. Asiachwe peke yake hata kidogo. Nilipomuuliza Everlyne kama sasa basi, dawa imepatikana, pembe tuziache, alitikisa kichwa. "Pembe hazikutosha, uliona. Na dawa peke yake nayo haitoshi. Tushike zote."

Jumapili, 7 Desemba

Zamu ya kumkalia: mimi asubuhi, mavyaa mchana, Abdulghafur akirudi kutoka kazini. Fairuz anasema dawa zamkausha kinywa. Mvua.

Alhamisi, 11 Desemba

Mavyaa amekwenda kwa Bi Zeyana.

Alituambia anatusindikiza tu. Walisalimiana kwa heshima ndefu, shikamoo na marahaba na habari za nyumba moja moja, kama mabalozi wa nchi zilizopigana. Mavyaa akaketi kando ya mlango, mahali pale pale alipoketi bintiye siku ya kwanza.

Bi Zeyana hakuanza na pembe. Alimgeukia Fairuz. "Mwanao aliitwa nani?"

Mimi ndiye niliyejibu, kwa haya. "Hakuwahi kupewa jina, Bi Zeyana."

"Nilimpa," Fairuz akasema. "Nilipokuwa nikimnyonyesha. Nilimwita Abdulbasit. Hakuna aliyeniuliza."

Miezi yote hiyo ndani ya nyumba moja tumemwita mtoto, maiti, marehemu mdogo, ile shida. Nilitazama mkeka.

Mavyaa akasema pale mlangoni, "Mimi nilizika wawili kabla ya Abdulghafur. Wasichana. Mavyaa wangu aliniambia aliaye anamshtaki Mungu, nikanyamaza. Nikadhani kule kunyamaza ndiko kulikonivusha." Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga. "Sikuvuka. Mpaka leo nikisikia mtoto wa watu akilia jioni naondoka mahali hapo."

Miaka tisa nimekaa na mwanamke huyu. Nilimdhania ni jiwe, na juzi nilimdhania ni mlinzi wa gereza. Kumbe alimfungia mwanawe katika chumba alichofungiwa yeye, na hakujua kuna kingine.

Bi Zeyana alisukuma pembe juu ya mkeka mpaka ikafika miguuni pake. Mavyaa aliitazama. Hakuipiga leo. Lakini alisema, "Abdulbasit," mara moja, wazi, kama anayeonja jina, na Fairuz akaweka kichwa begani pake.

Jumanne, 16 Desemba

Siku mbaya. Hakushuka. Aliniambia, "Wifi, bado naisikia ile sauti inayoniita, lakini iko mbali kidogo." Nilikaa naye mpaka Abdulghafur alipofika. Mvua.

Alhamisi, 18 Desemba

Wenzetu wamekwenda kupiga vugo harusini, Fairuz hakutaka. Bi Zeyana amesema sawa, harusi si lazima. Tumebaki nyumbani tunashona kofia, na mavyaa ametufundisha mishono yake ya zamani. Fairuz alicheka alipojichoma.

Jumatano, 24 Desemba

Siku hizi mazungumzo yote ni uchaguzi. Wenye maduka wanapunguza bidhaa. Watu wa bara wanapakia vitu, wanaondoka. Wanasema ya mwezi wa nane yatarudi. Magari ya polisi yanapita barabara kuu na taa zimewashwa mchana. Everlyne ameacha kulala tena, namsikia huko chini akitembea.

Jumapili, 28 Desemba

Everlyne amejiandikisha kura Likoni. Hajavuka kivuko tangu nyumba ilipochomwa. Leo jioni ametuambia kwamba kesho atakwenda. Nikamwambia aache, kura moja si kitu.

"Si kura," akasema. "Nataka kuona mahali pangu kabla sijawa mtu wa kuogopa upande mzima wa dunia. Lakini miguu yanikataa."

Fairuz alikuwa akichambua nyuzi. "Nitakwenda nawe."

Kivuko. Maji pande zote na reli ya chuma kifuani. Nilimtazama mavyaa nikimwomba kwa macho akatae, na nilijua akikataa nitafurahi. Abdulghafur alikuwa amefungua kinywa.

Mavyaa alimtazama binti yake kwa muda. "Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa, Mama."

"Ile sauti?"

"Haikuja leo. Jana ilikuja." Hakuficha. "Ikija kesho nitamwambia Everlyne. Naye akisikia moto ataniambia mimi. Tumeshaahidiana hivyo."

"Basi mwende," mavyaa akasema. Akaingia ndani, nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa taratibu.

Jumatatu, 29 Desemba

Wameondoka baada ya alfajiri, mwavuli mmoja.

Adhuhuri. Hawajarudi. Redio inasema mahali pengine vifaa vya kura havijafika kwa sababu ya mafuriko.

Alasiri. Mvua imefunga, siwezi kuona nyumba ya mbele. Kijana mmoja amepita akisema kuna vurugu ng'ambo, mwingine akasema ni uongo, ni foleni tu. Abdulghafur amekwenda kivukoni kuwangoja. Mavyaa amekaa kizingitini, mlango wazi, maji yanamrukia. Nimemwambia aingie ndani, hakuinuka. Nimemletea kiti. Nimeketi naye.

Jumanne, 30 Desemba

Walirudi jana magharibi imekaribia, wote watatu, Abdulghafur mbele amewabebea viatu. Walikuwa matope mpaka mapajani. Foleni ilikuwa ndefu, masanduku yalichelewa, basi.

Mavyaa hakusimama. Nafikiri hakuweza. Aliwashika mikono wote wawili pale kizingitini, mmoja kulia na mmoja kushoto, akawatazama kama anayehakikisha vidole vimetimia.

Nikawapa chai ya tangawizi. Everlyne alisema nyumba yake imebaki mlango na fremu yake tu, nyuma yake majani yameota. Jirani aliyesalia alimtambua, akampa muhogo. Alipoketi pale kwenye majani alilia, hakuweza kuinuka. "Fairuz hakuniambia nyamaza," akasema. "Alikaa."

Nilingoja mpaka tulipobaki wawili jikoni, Fairuz anaosha miguu. Nilimuuliza kivuko kilikuwaje.

Alisugua matope kisigino mpaka yakatoka.

"Kwenda nilifumba macho," akasema. "Kurudi Everlyne alikuwa amechoka, amelala begani kwangu. Nikaona nikifumba na mimi, hapana atakayetuamsha tukifika."

Usiku mvua ilipungua, sasa imeanza tena. Kesho huenda tukaingia mfungo. Fairuz ameshuka kuuliza kama nimeloweka kunde za futari.